Hodi ya Bwawani

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza mimi. Neno hili nimelisema harusini, msibani, dukani na barazani, na nililisema kwa haki yangu. Mtu aliyeingia kwenye dari za nyumba za Maskati kwa miaka thelathini ameona mambo. Nimekuta nyoka hai amejikunja kwenye feni ya kiyoyozi, chumba cha bwana harusi, siku ya harusi. Nimekuta mapesa yamefungwa ndani ya soksi ya mtoto, nikayatoa mbele ya mwenye nyumba, akaapa hayajui, na mkewe akatazama zulia. Nimekuta meno ya bandia, seti nzima, yamepangwa vizuri juu ya dari kama yanasubiri mtu. Sikupiga kelele hata siku moja. Nilifanya kazi, nikachukua haki yangu, nikaondoka.

Skuli niliishia darasa la tano. Tulitoka Unguja nna miaka tisa, mimi, mama na dada yangu mkubwa, baba tumeshamzika kule. Huku nikatiwa darasani na watoto wanaosoma Kiarabu mbio mbio, na mimi Kiarabu changu ni kile cha chuoni, cha kukariri Kurani. Nikatoroka. Nikaosha magari Darsait, kisha nikawa mshika tochi wa fundi wa viyoyozi, kisha fundi, kisha mwenye mafundi. Leo nna karakana yangu, watu kumi na wanne, magari sita yenye jina langu ubavuni, na nyumba Bawshar ya vyumba saba ambayo kila bomba la hewa nimeliweka kwa mkono huu. Na tangu nijijue sijapata kulipa bei ya kwanza niliyotajiwa. Ya kitu chochote. Hata kaburi ningelipigania bei.

Mambo ya sauti ndiyo kabisa, hayo ni kazi yangu. Mara moja mwanamke mmoja wa Ruwi aliniita analia, anasema chumbani kwake watu wanamsengenya kila jioni na hawaonekani. Nikapanda ngazi, nikatia sikio kwenye dakti, lile bomba la bati linalopitisha hewa. Wapishi wawili, ghorofa mbili chini, wanagombania sufuria. Nikamwambia, bibi, sauti ni kama hewa, inapita palipo wazi na inatokea mahali usipopatarajia. Nikamzibia kwa kipande cha sufi. Alinilipa na kuniombea dua.

Kwa hivyo mama yangu alipoanza kusikia hodi, mimi nilitafuta bomba.

Ilikuwa hivi. Alfajiri anatoka chumbani kwake amevaa kamili, buibui na viatu, anasimama mbele ya mlango mkubwa. "Mtu anapiga hodi muda wote huu," anasema, "mbona hamumfungulii?" Sasa Bawshar nani atapiga hodi? Jirani zetu ni Waarabu wa bara, wanabonyeza kengele, neno lenyewe hawalijui. Nikakagua madakti yote, sikuona kitu. Mara mbili tukamkuta nje, kwenye geti la jirani, amesimama kwa adabu anasubiri akaribishwe.

Dada yangu ni mwalimu mstaafu, mjane, anakaa Darsait kwenye fleti ya chini ya vyumba viwili. Yeye alisoma kwa ajili yake na yangu. Akaniambia wazi wazi.

"Mdogo wangu, mama anataka mtu wa kumtazama saa zote. Wewe unatoka asubuhi unarudi isha. Mkeo yuko kazini. Nipe mimi mama."

"Mama hana kitu. Uzee tu."

"Uzee haumtoi mtu nje alfajiri."

"Dada, nimemjengea chumba chenye bafu lake, na kiyoyozi kisicho na sauti, cha Kijapani. Leo nimtoe nimpeleke kwenye fleti inayonuka samaki wa kukaanga?"

"Anayenuka samaki wa kukaanga ni mimi?" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Sema kweli. Unaogopa watu waseme."

Niliogopa, ndiyo. Na niliogopa kitu kingine pia, kwamba mama akitoka kwangu ndiyo basi, hatorudi. Nikamwambia nipe siku tatu. Nitamtoa mama nje, hewa safi, na wewe uje umtazame kwa macho yako. Akipotea hata hatua kumi, mchukue. Asipopotea, usilitaje tena neno hili mpaka nife.

Dada akanipa mkono. Mkewangu alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Mnamwekea mama dau kama ng'ombe wa mbio."

Mahali alichagua mama mwenyewe. "Bahari nshaiona," alisema. "Nataka kuona maji ya kunywa yaliyokaa mahali pamoja." Utotoni kwao shamba kulikuwa na chemchemi. Basi nikamtafutia hifadhi moja ya bwawa nyuma ya milima, upande wa Kuriyati, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu, mahali pa watu kupiga mahema msimu wa baridi, pana njia za kutembelea zilizotiwa alama za rangi kwenye mawe. Nilinunua hema kubwa la vyumba viwili, wakitaka riyali mia mbili na kumi nikatoa mia na sitini. Nikanunua jenereta. Na hemani nikafunga kiyoyozi kidogo. Watu wanacheka nikisema hivyo, kiyoyozi hemani, tena baridi. Mimi sitolala mahali pasipo na kiyoyozi, ndicho kilichonilisha.

Tulifika Alkhamisi, adhuhuri imepita. Langoni palikuwa na mlinzi, mtu wa milima ile ile, ndevu nyeupe, bakora mkononi. Akatuandikia karatasi, akatuonesha sehemu ya kupiga hema, tambarare yenye mikunazi miwili mitatu. Mbele yetu bwawa. Ng'ambo ya bwawa ukuta wa jabali, umesimama wima kutoka majini, rangi ya chuma kilichoungua. Maji hayakuwa na wimbi hata moja. Yalikuwa ya kijani kizito, na katikati vimetokeza vitu kama vidole vyeusi.

"Nini vile?" mkewangu akauliza.

"Mitende," mlinzi akasema kwa Kiarabu. "Vichwa vyake. Hapa palikuwa na kijiji kabla ya bwawa. Nyumba kumi na kitu, na mashamba ya ndimu. Watu walihamishwa, wakapewa nyumba za serikali. Nyumba zao ziko chini, zimesimama vile vile."

Nikamtafsiria mama. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa khabari za jamaa.

Mlinzi alipokuwa anaondoka aliniambia, "Jambo moja. Usipige kelele hapa. Ukiita hapa, jibu linatoka kwengine."

"Mwangwi," nikamwambia. "Najua. Jabali lile ni bati, na bonde hili ni dakti." Nikamweleza vizuri sana, kwa mikono, namna sauti inavyosafiri. Nikapiga ukelele mmoja kumwonesha. Jabali likaurudisha, kisha ukapita nyuma yetu, kisha ukasikika mbali kule njia inapopinda, na mwisho ukatoka chini karibu na maji. Dada akaziba masikio. Mlinzi alinitazama kama unavyomtazama mtu anayejisaidia barabarani, akaenda zake.

Jioni ile mama alikaa kwenye kiti chake cha kukunja akitazama maji, leso begani, bakuli la halwa mapajani. Ni bakuli lake la bati jeupe, lina mstari wa buluu na kifuniko, ukingoni limebanduka rangi mahali pamoja. Alitoka nalo Unguja. Halwa hailiwi kwetu ila itiwe mle kwanza.

"Wana nyumba nzuri," akasema.

Dada akanitazama. Mimi nikamtazama dada. "Kamsikia mlinzi," nikasema.

"Taa zao za kandili," mama akasema.

Palikuwa na mwanga wa jua la mwisho kwenye maji, basi. Ndivyo nilivyosema, na ndivyo ilivyokuwa. Nikawasha jenereta tukalala vizuri.

Asubuhi nikamchukua mama kutembea, mimi na yeye tu, nimemshika mkono, kwenye njia inayofuata ukingo wa bwawa. Njia ni ya zamani, ya watu wa kijiji, hifadhi wameipaka rangi tu. Ukitoka hemani unakwenda kama hatua mia mbili, unapinda kwenye mwamba, na hapo njia inagawanyika. Moja inapanda mlimani. Ya pili inashuka, vidato vya mawe vilivyochongwa, vimelika katikati kwa miguu ya watu, na vidato vile vinaingia majini. Havikatiki. Unaviona chini ya maji, cha nne, cha tano, cha sita, mpaka kijani kinavimeza. Kama mtu amelala na mguu wake umetoka nje ya shuka.

Mama akasimama kidato cha juu. Akanitoa mkono wake mkononi mwangu, akavua ndara zake, moja moja, akazipanga.

"Mama unafanya nini?"

"Nyumba ya watu hii, baba. Utaingia na viatu?"

Nikamvisha mwenyewe, nimepiga magoti. Nikamrudisha hemani. Dada akauliza vipi matembezi. Nikasema mazuri, mama mzima kuliko mimi na wewe. Nililisema hilo nikimtazama usoni, mwalimu wa watu, na sikupepesa.

Hapo ndipo pa kujilaumu. Mengine yote yalikuja baada ya neno lile.

Alasiri ya siku hiyo tulishaswali. Dada na mkewangu wakachukua gari kwenda langoni kujaza maji ya kutilia udhu na kunywa. Dada akatia kichwa dirishani. "Mama yuko kwako," akasema. "Sio jenereta. Mama."

"Nendeni zenu. Nimemlea mtu mmoja mmoja katika nyumba ile, sitoshindwa na bibi wa miaka themanini."

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Nikakaa nyuma ya hema, hatua sita kutoka kwake, hema katikati yetu. Jenereta lilikuwa linakohoa, petroli ina uchafu. Nikalizima nikalifungua.

Sijui kama mtu wa mjini anajua kimya. Sisi Bawshar usiku wa manane kuna viyoyozi, kuna friji, kuna gari mbali. Pale nilipozima ile mashine nilisikia masikio yangu yenyewe yakivuma. Hapana ndege. Maji hayagongi mawe. Nikawa nnasikia ufunguo wangu ukigusa chuma na najiona kama nafanya utovu wa adabu.

"Hodi."

Nyuma yangu, upande wa mikunazi. Sauti ya mwanamke mzima, ya upole. Nikadhani dada ananitania, wamesahau kitu wamerudi. Sikuinua kichwa, nilikuwa nimeshika spaki, ile plagi ya kuwashia mashine, kwa meno ya koleo.

"Hodi."

Hii ilitokea kushoto, upande wa maji.

Kisha ikapita nafasi, nafasi ya mtu kusubiri kwa adabu. Kisha ya tatu, chini kidogo, karibu kabisa, kama midomo imegusa kitambaa cha hema.

"Hodi."

Na mimi nini? Mimi nimelelewa na mama yule. Hodi ikipigwa mara tatu na wewe umo ndani hukujibu, umemfukuza mtu. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa sauti yangu ile ya karakana, ya kuitia watu juu ya paa. "Karibu! Karibu ndani, pita!"

Karibu yangu ikaenda. Niliisikia ikigonga jabali, ikipinda, ikashuka.

Hakuja mtu. Nikamaliza kufunga spaki, nikafuta mikono, nikazunguka hema nikisema, "Dada, mchezo huo..." Kiti kitupu. Leso imekunjwa juu ya kiti. Bakuli la halwa halipo.

Sikukimbia hivyo tangu nilipokuwa natoroka skuli. Hatua mia mbili, nikapinda mwamba. Ndara za mama kidato cha juu, zimepangwa. Na mama mwenyewe yumo majini, yamemfika kifuani, buibui limeelea pande zote kama wino uliomwagika, bakuli ameliweka kichwani analishika kwa mkono mmoja. Anakwenda. Polepole, anatafuta vidato kwa miguu, anakwenda mbele kama mtu anayepita kwenye ukumbi wenye wageni.

Nikaita, "Mama!"

Jabali likaita, "Mama!" Kutoka mbele yake. Na mama akaharakisha. Akaenda kule sauti ilikotoka, maji yakamfika mabegani.

Nikaelewa palepale, kwa kazi yangu nikaelewa. Dakti. Alisimama hapa akapigia maji hodi, hodi ikagonga jabali ikanijia mimi nyuma ya hema. Nikamjibu mwanamke nisiyemwona, na jibu langu likagonga jabali likamjia yeye, kutoka majini, karibu ndani, pita. Mimi ndiye niliyemwingiza. Na kila nitakapofungua mdomo nitazidi kumwita kule.

Kwa hivyo nilifunga mdomo. Mimi, ambaye mafundi wangu wananisikia kutoka ghorofa ya kumi. Tena sijui kuogelea, mtoto wa kisiwa lakini sijui. Nikashuka vile vidato kimya, na viatu vyangu, na simu yangu mfukoni, maji baridi kama yametoka kwenye mtungi wa gesi. Kidato cha nane kilikuwa na utelezi. Cha tisa sikukipata mara moja, nikameza maji. Nilitaka kupiga yowe na nikaliuma. Maji yamenifika kidevuni nilipolipata buibui, nikalivuta, nikamkumbatia mama kwa nyuma.

"Usinivute," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nishakaribishwa."

Sikujibu. Nilimbeba nikirudi nyuma, kidato kwa kidato, na yeye mwepesi kama nguo. Bakuli likamponyoka. Likaelea, kifuniko chake juu, likaenda zake kuelekea jabalini, na mimi nikaliangalia linavyokwenda kwa sababu hapakuwa na upepo.

Juu ya vidato nikamkalisha, nikamvua buibui, nikamfunga shati langu. Hakuwa anatetemeka. Alikuwa amekasirika.

"Umeniaibisha. Umeingia kwa watu bila hodi."

"Mama, nani alikukaribisha?"

"Mwenye nyumba."

"Ni mimi, mama. Ile ilikuwa sauti yangu. Nilisema karibu ndani, pita. Ikarudi kutoka jabalini."

Akanitazama kama naongea ujinga. "Mimi sijui sauti ya mwanangu? Mwanamke. Nimepiga hodi mara mbili, ya tatu hata sijapiga, akasema karibu, bibi, ingia. Akasema huyo mwanamme asubiri nje."

Nikamuuliza mara mbili umepiga ngapi. Mbili, akasema. Mimi nimesikia tatu. Nimeshahesabu mwangwi mwingi katika maisha yangu. Najua ukipiga moja zinaweza kurudi nne. Basi mbili zinaweza kuwa tatu, hilo halina tabu. Lakini wakati ule mwanamme mwenyewe, mimi, alikuwa nyuma ya hema, hatua mia mbili, na mwamba katikati, na hapana aliyeniona.

Gari ilipofika nilikuwa nimeshambadilisha nguo mama na nimemfunika mablanketi mawili. Dada akashuka, akaona nguo zilizotundikwa kwenye mkunazi, akaona viatu vyangu vinavuja maji. Alinisubiri tu, kama alivyokuwa akisubiri watoto darasani.

Uongo ulikuwa tayari. Mama aliteleza akinawa miguu, maji ya magotini, nimemshika. Ungeingia vizuri sana. Mama angekuwa wangu, na dada asingelitaja tena neno lile mpaka nife. Nikafungua mdomo kuusema, na nikamwona mama amepinda kichwa, anasikiliza upande wa maji.

"Mchukue," nikamwambia dada.

"Nini?"

"Mchukue mama. Na asubuhi pia alitaka kuingia, nikakuficha."

Nikamweleza yote, na hodi, na karibu yangu. Nilitegemea atanipiga kwa maneno, anayo ya kutosha. Dada akakaa chini pale pale kwenye changarawe, mwalimu mzima, akashika mguu wa mama chini ya blanketi. "Na wewe uliingia majini," akasema, "wewe, usiyeoga baharini." Akalia. Mkewangu akaanza kung'oa vigingi vya hema bila kuulizwa.

Mama yuko Darsait sasa. Anafurahi, lazima niseme kweli. Fleti zote za chini wanasema Kiswahili, mlango haufungwi mchana, watu wanaingia kutwa, hodi, hodi, karibu. Hodi zake zote sasa zina wenyewe. Nnakwenda kila siku baada ya isha, nakula samaki wa kukaanga. Chumba chake Bawshar nimekifunga, kiyoyozi nimekiacha kikiwaka siku nyingi, kisha nikakizima.

Ingekuwa imekwisha. Baada ya siku kumi na mbili mlinzi akanipigia simu, nambari yangu alikuwa nayo kwenye karatasi ya langoni.

"Una bakuli jeupe, lina mstari wa buluu?"

"Ninalo. Lilichukuliwa na maji."

"Njoo ulichukue."

"Liweke tu, nitapita siku moja."

"Hapana," akasema. "Silali nalo."

Nikaenda. Lilikuwa juu ya ukuta nje ya kibanda chake, hakuliingiza ndani. Alilikuta chini ya jabali, ng'ambo, kwenye ubao wa mwamba usio na njia, alipopita na mashua ya kusafisha takataka. Kifuniko chake juu. Bakuli limeoshwa, halina hata mafuta ya halwa, na ndani ndimu saba, mbichi, za kijani, vikonyo na majani yake. Majani yana maji.

"Watembezi," nikamwambia. "Vijana wanaopanda majabali. Wamelikuta, wamekula halwa, wameona haya."

"Labda," akasema mlinzi. "Ndimu hapa hakuna. Zilizokuwepo unajua ziko wapi."

Nilimpelekea mama bakuli lake. Sikumwambia nimelipata vipi, nililiweka tu mapajani pake. Akafungua kifuniko, akainua ndimu moja akainusa kwa muda mrefu, akampa dada anuse. Kwetu bakuli la mtu halirudishwi tupu, kila mwanamke wa Kiunguja anajua, na dada akatazama mahali pengine.

"Watu wa maana," mama akasema. "Umewavamia na bado wamekutendea wema." Akanikabidhi bakuli. "Sasa zamu yetu. Nenda ukaombe radhi, na usipayuke."

Kesho yake, Jumaa baada ya swala, nikaingia kwa muuza halwa, yule ninayemsumbua bei tangu nlipokuwa naosha magari. Nikampa bakuli la mama, nikamwambia jaza, ya zafarani, ile nzuri. Akapima, akafunika, akataja bei, kisha akakunja mikono akasubiri nianze. Sikuanza. Nilikuwa nafikiria vile vidato, kwamba nitaliweka cha mwisho kilicho kikavu, nivue viatu, na sitosema neno. Nikamlipa alichotaja: riyali nne na baisa mia tano.